Fimbo ya Mkono wa Kushoto

Mimi nikisimama mahali pamoja kwa muda, miguu inaniwasha. Ofisini wananijua: nikiongea na simu nazunguka meza, nikingoja chai ichemke napanga vikombe upya. Sasa mtu wa aina hiyo ndiye aliyeambiwa na daktari atafute mchezo wa kushusha presha, na mwenzangu wa ofisi ya bima, bila kufikiri vizuri, akanipeleka kwenye uwanja wa gofu hapa mjini Meru. Gofu, jamani. Mchezo wa kusimama kando ya kijipira ambacho hakiendi popote mpaka wewe mwenyewe utulie.

Presha ilitoka kwa mama. Nasema hivyo bila kumlaumu, ingawa kuna siku nilimlaumu sana. Kiharusi kilimkuta shambani kwake Ishiara akichuma ndengu, kikamwangusha upande wa kulia. Maneno yalirudi, mguu nao ukarudi kiasi cha kumfikisha barazani akishikiliwa, lakini mkono wa kulia ulikataa katakata. Nikamchukua nikamleta kwangu, kwenye hii baridi ya Meru anayoilalamikia kila asubuhi kana kwamba nimeinunua mimi.

Yule kijana wa mazoezi kule hospitali alitwambia wazi kwamba mkono wa kulia tusiutegemee tena. Mama ajifunze kula, kunywa na kujifunga leso kwa kushoto. Mama alimsikiliza kwa adabu zote. Tulipofika nyumbani akaniambia kwa Kimbeere chetu, "Yule mtoto hakulelewa." Mazungumzo yakaishia hapo.

Kwetu mkono wa kushoto hauli. Haumpi mtu kitu, haupokei, hausalimii. Una kazi yake moja, na kazi hiyo haitajwi mezani. Mama ametulea sote kwa sheria hiyo, na sasa Mungu amemwachia mkono huo tu. Akaamua heri njaa. Kulishwa alikubali kulishwa na mimi, binti yake, tena mlango ukiwa umefungwa. Dada wa kazi akimletea kijiko mdomoni, anaufunga mdomo na kutazama ukuta.

Kwa hiyo nikitoka asubuhi baada ya kumnywesha uji, mama anakaa hivyo hivyo mpaka nirudi. Mchana nilikuwa natoka ofisini mbio, namlisha githeri nikiwa nimesimama, narudi kazini na mchuzi kwenye blauzi. Siku ambazo kazi ilinishika, alishinda na njaa. Gauni zake zilianza kumlegea mabegani, na nikimfunga leso naona kitambaa kinabaki kingi mkononi. Niliogopa. Niliona mama yangu anakufa kwa adabu, na mimi namtazama. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwita pasta aje aseme naye. Pasta alipoingia, mama aliuficha mkono wa kushoto chini ya leso ili asije akamsalimia nao kwa bahati mbaya, na pasta akaondoka baada ya kuomba.

Ndivyo nilivyokuwa siku nilipoanza gofu. Kocha ni mzaliwa wa Muthara, mtu wa maneno ya polepole, na polepole yake ilinikera kabla hata sijashika fimbo. Shika hivi, aliniambia, kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara: asiponyoke, na asilie. Miguu iachane upana wa mabega. Magoti yalegee kidogo. Fimbo irudi nyuma taratibu, mabega yageuke mpaka mgongo uangalie kule unakotaka mpira uende, halafu kiuno kianze kurudi, mikono ifuate. Uguse mpira kwanza, nyasi baadaye. "Na kichwa kibaki chini, madam. Usikiinue kutafuta mpira. Mpira ukipigwa vizuri utausikia."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, halafu nikanyanyua fimbo juu na kuishusha wima kwa nguvu zangu zote. Bonge la nyasi liliruka mbele, mpira ukabaki umekaa pale pale unaniangalia.

"Unapanda viazi?" kocha aliuliza.

Wiki baada ya wiki nilipanda viazi. Mipira michache iliyokubali kuondoka ilikatiza kulia, ikaingia kwenye miti. Na kichwa nilikiinua kila mara, kwa sababu ndivyo nilivyo, nataka kujua kitu kimeishia wapi kabla hakijaanza. Isitoshe simu ilikuwa mfukoni, na masikio yangu yote yalikuwa kwenye hiyo simu. Mama amekula? Amekunywa hata maji? Kocha alinishauri niiache kwenye gari. Nikamwambia ajaribu yeye kuwa na mama yangu.

Jumamosi moja simu ililia nikiwa nimeshainua fimbo. Dada wa kazi alisema mama amekataa uji nilioacha, amekataa chai, na sasa amekataa kumwangalia. Nikakata simu, nikarudi kwenye mpira, nikapiga hewa. Nikapiga tena hewa. Hasira ikanipanda, nikaishika ile fimbo na kuirusha.

Iliruka, wallahi. Ilizunguka hewani ikaenda kutua katikati kabisa ya uwanja, mbali, imenyooka na bendera ya shimo. Kocha aliifuata bila haraka, akaiokota, akaipangusa kwa suruali, akarudi. Nilijua nitafukuzwa.

"Hii imeenda vizuri kuliko mpira wowote uliopiga," alisema. "Umerusha kwa mkono gani?"

"Wa kulia," nikajibu, kwa sababu ndilo jibu nililofundishwa. Kisha nikautazama mkono wangu wa kushoto, ulikuwa bado hewani.

Nilikuwa nimesahau. Au sikuwa nimesahau, nilikuwa nimeacha kufikiria. Nilizaliwa wa kushoto. Mama alichana ukanda wa leso kuukuu, na kila wakati wa kula aliufunga mkono huo kwenye kiuno cha gauni langu, mpaka bakuli liishe. Siku niliyompa nyanya kikombe cha maji kwa kushoto, nyanya hakukipokea, na mama alinipiga kofi mbele ya wageni kisha akalia jikoni kwa aibu. Shuleni mwalimu alimalizia kazi kwa rula. Baada ya hapo niliandika kwa kulia, nikala kwa kulia, nikafagia kwa kulia, na kama niliangusha vyombo sana, walisema tu kwamba huyu mtoto ana pupa.

Kocha alinisikiliza mpaka mwisho. "Wako watu wa kushoto wanaocheza kwa kulia na hawana shida," alisema. "Wewe unayo." Akaingia stoo, akatoka na fimbo nyingine, chuma namba saba cha mkono wa kushoto, kina kutu shingoni, kilichoachwa na mwanachama mmoja aliyehama zamani. Nikahamia upande wa pili wa mpira. Niliona haya, nikaangalia nyuma kama kuna mtu wa kwetu. Mara ya kwanza nilikosa. Mara ya pili niligusa kichwa cha mpira ukajiburuta. Kisha fimbo ilirudi nyuma yenyewe bila mimi kuibeba, kiuno kikatangulia, na kitu kikapita mikononi bila kunigonga popote. Ulisikika mlio mdogo mkavu. Nikainua kichwa, bila shaka, lakini nilikuwa nimechelewa, mpira ulishafika.

Ungedhani nilifurahi. Nilikasirika mpaka nikatoka machozi. Nilikaa kwenye gari na kulia kwa ajili ya vyombo vyote nilivyovunja na majina yote niliyoitwa, na nilikuwa na maneno ya kumwambia mama, mengi, nikayapanga njia nzima. Nilipofika alikuwa kitini, midomo imekauka, ananingoja mimi nimpe maji. Nikampa maji.

Jioni ile ile, baada ya kumlisha, nilitoka na ile fimbo yenye kutu hadi uani. Mipira sikuwa nayo, lakini makokwa ya makadamia yalikuwa yamedondoka chini ya mti, magumu na ya duara, nikayapanga kwenye nyasi. Mama alikuwa barazani amejifunika shuka. Nilisimama upande wa kushoto, mbele ya macho yake, na nikiri kwamba nilifanya makusudi.

Nilipiga la kwanza likagonga ua. Nikapiga la pili.

"Huo mkono," mama alisema, "nilidhani niliumaliza."

"Haukuisha, mama. Ulikuwa umejificha."

Akavuta shuka mabegani. Nami sikuongeza, ingawa ulimi uliniwasha kuliko miguu. Kesho yake nilitoka tena, na siku iliyofuata. Alianza kumwambia dada ampeleke barazani mapema, kabla sijafika, na hilo peke yake lilinishangaza, kwa maana baridi ya jioni anaichukia. Nilikuwa bado nachimba ardhi mara moja kati ya mbili. Nikichimba, nasikia pumzi ikimtoka puani, na nilimjua vya kutosha kujua kwamba anacheka. "Watu wanalipwa kulima," aliniambia siku moja, "wewe unaenda kwa gari ukalipie." Lakini chakula kilikuwa bado kile kile: mlango ufungwe, kijiko mkononi mwangu, vijiko vichache, kisha anageuza uso.

Jumapili moja baada ya kanisa nilimwekea uji wa wimbi kwenye meza ndogo kando yake barazani ili upoe, nikaendelea kupiga. Nilikuwa nimechoka na nina wasiwasi, maana asubuhi wakati wa kumvalisha niliziona mbavu zake. Nikaharakisha. Fimbo ikagonga pembeni ya kokwa, likaruka nyuma, likaviringika sakafuni mpaka miguuni pa mama.

Nilingoja dada aje aliokote. Dada alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Mama alilitazama kokwa, akatazama langoni, njia ilikuwa tupu. Akainama polepole nikadhani ataanguka. Aliliokota. Akaninyooshea, kwa kushoto.

Mimi nikaganda. Katika maisha yangu yote mama hajawahi kunipa kitu kwa mkono ule. Ukipewa kitu hivyo kwetu, umetukanwa, na mwili wangu ulijua hivyo kabla yangu.

"Utasimama hapo mpaka lini?" alisema. "Mkono unaniuma. Chukua."

Nikachukua. Nilichukua kwa kushoto, vidole vyetu vikagusana, vyake vilikuwa baridi.

Kijiko kilikuwa kimelala upande wa kulia wa kikombe, kama ninavyokiweka siku zote. Nikakihamisha upande wa pili. Kisha nikarudi kwenye nyasi, nikaweka kokwa chini, nikasimama nikiwa nimempa mgongo. Magoti yalikuwa yanataka kukimbia. Kila kitu ndani yangu kilitaka kugeuka na kuangalia. Nikarudisha fimbo nyuma taratibu, nikapiga, na nyuma yangu nikasikia kijiko kikigonga ukingo wa kikombe, kikanyamaza, kikagonga tena.

Kichwa nilikiacha chini. Nilitazama pale kokwa lilipokuwa, majani machache yaliyolala, mpaka mama aliposema uji hauna sukari.