Picha Zinazotazama Ukuta

Kila asubuhi, kabla hajashika ufagio, Mama Micheline, mpiga picha, alipita mbele ya ukuta wa picha zake akigusa kila fremu kwa kidole kimoja, kama mwalimu anayehesabu wanafunzi. Nyingine aliziweka sawa, nyingine alizipuliza vumbi. Na kama habari ya msiba ilikuwa imemfikia, aliishusha picha moja, akaandika jina na tarehe nyuma yake kwa wino, kisha akaitundika tena ikitazama ukuta. Baada ya hapo ndipo alipofagia.

Mji mzima wa Bunia ulijua desturi hiyo. Kuna watu waliopata habari za ndugu zao kwa kupita tu barabarani na kuchungulia mlangoni, wakaona mgongo wa picha mahali ambapo jana kulikuwa na uso. Mwaka huu migongo ilikuwa imeongezeka. Safu ya juu ilikuwa karibu imegeuka yote, na mtu aliyeingia studio mara ya kwanza alihisi kwamba watu wale hapo juu wamekasirika na hawataki kumwona.

Arielle alikuwa akienda pale kila asubuhi kwa miaka minne. Kazi yake ilikuwa kuchora: vibao vya wasusi na vinyozi, majina ya maduka, na misalaba ya makaburi. Alikuwa msichana wa maneno machache, na Mama Micheline alimpendea hilo. Alimwachia kigoda kwenye kona, akamruhusu anakili picha zozote alizotaka.

Arielle hakuwa peke yake aliyenakili. Mama Micheline alikuwa amepeleka picha zake Kinshasa, hata Ulaya, akarudi na sanduku moja na viatu vilevile. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa hapahapa. Aliwakalisha watu karibu na mlango, mahali ambapo jua lilipiga ukuta mweupe wa ng'ambo ya barabara likarudi laini usoni. Hakumwambia mtu acheke. Alimwambia aweke mikono juu ya magoti, viganja wazi, kama mtu aliyemaliza kazi. Na hakufuta alama ya mtu yeyote. Kovu lilibaki, jino lililokatika lilibaki. "Ukificha alama," alisema, "umepiga foto ya mutu mwingine."

Mikono hiyo ilisambaa. Mwanamke mmoja wa Nyankunde aliidarizi kwenye vitambaa vya viti. Mchongaji mmoja wa njia ya Mambasa aliichonga kwenye mninga. Hata katika kikanisa kimoja kidogo Mtakatifu Yosefu alichorwa ameketi viganja wazi, na waumini walisema anangoja Mama Micheline abonyeze kamera. Mtu wa Bunia akiona mikono ile, popote, alijua imetoka wapi.

Katika safu ya katikati, ya tatu kutoka dirishani, ilitundikwa picha ya Josias, kaka yake Arielle. Alikuwa dereva wa pikipiki. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika tangu utoto, na katika picha lilionekana wazi kama jani lililoliwa na mdudu. Miezi minane iliyopita, akipanda kutoka Kasenyi na makapu ya samaki, Josias alikuta lori limesimamishwa njiani na watu wanateremshwa. Aliona waliokuwa wakiwateremsha, na mmoja wao alimwona yeye. Aligeuza pikipiki akapita njia ya mashamba. Kesho yake ilisikika kwamba waliokuwa ndani ya lori hawakufika popote. Josias hakulala tena nyumbani. Alienda Mambasa kupasua mbao msituni, na mahali alipo walijua mama yake, Arielle na Mama Micheline tu. Simu yake ilipatikana mara moja kwa wiki mbili, akipanda kilima.

Arielle alimkumbuka sana. Kwa hiyo kinyozi Blanchard wa karibu na soko alipomwomba amchoree kibao chenye sura ya kijana mzuri, mkono wake ulimchora Josias. Wachoraji wengine walichora vijana wanaong'aa kama chupa. Arielle alichora kama alivyofundishwa: viganja wazi, macho yasiyocheka, na sikio lililochanika.

"Arielle, dada," Blanchard alimtania, "wateja wanaogopa kibao chako. Wanaona kama niko nanyoa maiti."

Lakini hakukiondoa. Mama yake Arielle alikuwa akizunguka njia ya soko ili apite mbele yake, asimame kidogo, aende zake. Arielle aliwaza kwamba uso kwenye kibao cha kinyozi ni uso tu. Nani anatafuta mtu kwenye kibao?

Jumanne moja alifika studio baada ya mvua ya usiku kucha. Barabara ilikuwa matope matupu, na gari moja lilisimama mbele ya mlango huku injini ikinguruma, dereva haonekani. Ndani, mwanamume aliketi kwenye benchi la wateja. Viatu vyake vilikuwa safi kabisa.

Mama Micheline alikuwa amesimama kando ya ukuta na ufagio mkononi. Nyuma yake, safu ya katikati, ya tatu kutoka dirishani, ilionyesha mgongo.

Arielle alisoma maandishi kutoka mlangoni. *Josias.* Kisha tarehe ya Jumapili iliyopita. Mfuko wa brashi ulimponyoka.

"Karibu, mama mudogo," alisema yule mwanamume kwa upole. Alitoa simu, akamwonyesha. Ilikuwa picha ya kibao cha Blanchard, imekuzwa kwenye sikio. "Hii iko kazi yako?"

Arielle alikuwa bado anatazama mgongo wa picha.

"Ni kazi yake," alisema Mama Micheline. "Nimekuambia tangu jana jioni. Wote wanafuata mikono yangu. Weye umefuata mikono ukafika kwangu, ni sawa. Nilikuambia urudi leo nikikumbuka mutu mwenyewe. Mutu mwenyewe ni ule, pale ukutani."

Mwanamume aliinuka. Alishusha fremu, akaigeuza, akaiweka sambamba na simu. Alitazama sikio la picha, akatazama sikio la kibao, akarudia tena bila haraka. Nje injini iliendelea kunguruma.

"Josias," alisoma. "Alikuwa anakaa wapi?"

"Waliokufa siwaulizi tena mahali wanakaa."

"Alikufa na nini?"

"Mti ulimuangukia. Habari ilifika jana usiku." Mama Micheline aliegemeza ufagio ukutani, akaenda nyuma ya pazia, akarudi na msalaba wa mbao usio na jina. Aliuweka mezani mbele ya Arielle pamoja na kopo la rangi nyeusi. "Mutoto wangu, andika. Mama yako anaungoja."

Arielle alikuwa ameandika misalaba mingi, na mkono wake ulijua njia. J ilitoka vizuri. O ilitoka vizuri. Kwenye S ya kwanza machozi yalimjia, yakadondoka kwenye rangi mbichi, na kilio kikamtoka ambacho hakukijua kama ni chake. Alilia jina la kaka yake. Alilia kibao, na kilima ambacho Josias hangepanda tena kupiga simu.

Mwanamume alimtazama muda mrefu, jinsi watu wanavyotazama mizani. Hatimaye aliitundika picha, mgongo nje, kama alivyoikuta.

"Pole, mama mudogo," alisema. "Matanga iko wapi?"

"Kwa mama yake, nyuma ya parokia," alijibu Mama Micheline.

"Basi tutapita jioni kutoa rambirambi. Siye hatupendi kukosa matanga." Mlangoni aligeuka, akatabasamu kidogo. "Mafundi wa Bunia wako wezi, mama. Wote wanakuiba mikono."

"Hawaniibi. Niliwapa."

Mlango wa gari ulibamizwa. Sauti ya injini ilishuka upande wa soko, ikafifia, ikapotea. Mama Micheline hakutikisika mpaka ilipopotea kabisa. Ndipo alipoishika meza kwa mikono miwili.

Arielle alijifuta uso kwa kiganja, akaacha weusi shavuni. Alitazama tena mgongo wa picha. Sasa alikuwa karibu, na aliona kitu ambacho machozi na woga vilimfichia. Migongo yote ya safu ya juu ilikuwa na wino. Mama Micheline hakuwahi kuandika kifo kwa kitu kinachofutika. Lakini jina la Josias na tarehe ya Jumapili vilikuwa vimeandikwa kwa penseli.

Miaka minne hakuwahi kuuliza juu ya picha zilizogeuzwa. Hakuna mtu aliyeuliza. Sasa aliuliza.

"Mama, kaka Josias amekufa?"

Mama Micheline alichukua msalaba, akaupuliza ukauke, akamwekea mikononi.

"Hapana, iko muzima. Kimbia, umwambie mama yako aanze kulia."