Magoti Mbele ya Mawe ya Hässelby

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu goti langu la kulia lilikuwa limezama kwenye tope na mzee mmoja alikuwa akinipigia kelele nisimame. Mzee huyo alikuwa Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, jirani yangu wa bustani kule Hässelby, pembezoni mwa Stockholm. Mbele yangu alisimama mwenyekiti wa chama cha bustani pamoja na wenzake wa kamati, wamevaa makoti ya mvua, wamekuja kuamua kama kiwanja kibaki changu au apewe mwingine. Mimi nilikuwa bado msichana, mwanafunzi wa uuguzi, na kwetu Bukoba nilikuwa nimelelewa kumpigia magoti kila aliyenizidi umri.

Nakueleza haya kwa sababu ya swali lako la juzi. Kiwanja sasa nimekiandikisha kwa jina lako, ukaguzi wako wa kwanza unakuja, nawe umeniuliza: "Mama mkubwa, si tuyafunike tu yale mawe kwa nyasi, watu wasije wakasema?" Uliniuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yako, nami nakujibu kwa Kiswahili, kama kawaida yangu. Jibu ni hapana. Ila hapana tupu haitakusaidia siku watakaposimama mbele yako, kwa hiyo tulia unisikilize.

Kiwanja kile hakuna aliyekitaka. Nusu yake ni mwamba, kama ujuavyo. Waliotangulia kwenye foleni walikuja, wakakitazama, wakaenda zao. Ilipofika zamu yangu nikasema nakichukua. Mwenyekiti akaniambia kanuni ni moja, kiwanja chote lazima kilimwe. "Na huu mwamba?" nikamuuliza. "Nao ni kiwanja," akasema. Akanipa muda mpaka ukaguzi wa vuli; akikuta bado ni mawe matupu, nirudishe ufunguo.

Wakati huo nilikuwa nikiishi Hallunda, na kufika Hässelby ilinibidi nibadili treni katikati ya mji, na jembe langu mkononi. Rafiki zangu walinicheka mpaka basi. "Wenzako wanalima mchicha, wewe unalima kokoto?" Nilikasirika, mwanangu, na hasira ile sijaijutia hadi leo. Nilikuwa nimechoka kupewa kilichokataliwa na watu kisha nikaambiwa nishukuru. Nikaapa kwamba ule mwamba utaota kitu, wapende wasipende.

Kwenye duka la miche nikakutana na maua ambayo Waswidi huyaita stenbräcka, maana yake mvunja jiwe. Jina lenyewe ni la kujisifu bure. Hayavunji jiwe lolote. Yanatafuta ufa yakakaa humo. Nikanunua yaliyokuwa na picha nzuri kwenye kibandiko, mekundu na ya waridi, bila kuuliza lolote. Kisha nikayatunza kama mama alivyotunza migomba kibanjani: samadi ya kutosha, nyasi za kutandaza chini, maji asubuhi na jioni. Kabla kiangazi hakijafika katikati yalikuwa yameoza yote, ukigusa yanabaki mkononi.

Papa Ilunga alikuwa akiniangalia muda wote kutoka upande wake wa uzio. Siku hiyo uvumilivu ulimwishia.

"Weye mama, nani alikwambia majiwe inakula mbolea?"

"Nayatunza, Papa."

"Unatunza? Unazamisha! Ile mayi yote itatokea wapi?" Aling'oa mche mmoja akaniwekea puani mzizi unaonuka. "Uliza jiwe kwanza. Ua utanunua kisha. Voilà."

Maneno hayo yalinichoma, maana mtoto wa mkulima hapendi kufundishwa kulima. Lakini nilikaa juu ya ndoo yangu nikamsikiliza, na alichonifundisha ndicho nakuachia wewe, kwa hiyo kishike.

Haya maua yana aina nyingi mno, na kila aina ina tabia zake. Usichague kwa rangi. Zunguka kwanza mwamba wako, ujue jua linapiga wapi, maji ya theluji yanapita wapi. Kule juu, penye jua, weka yale ya rangi ya fedha, yenye majani magumu na chokaa pembeni. Yaingize kwenye ufa yakiwa yamelala ubavu, ili maji yasitulie katikati ya majani, na shingo yake uizungushie changarawe. Yakichanua hutoa bua refu lenye maua meupe, na kile kifundo cha majani kilichochanua hufa. Usilie. Kwa kawaida kimeshaacha vitoto pembeni. Upande wa mashariki weka yale yaliyojifinyanga kama mto mdogo wa kulalia. Hayo huchanua mapema kabisa, wakati theluji bado imebaki pembeni pembeni, na hayapendi jua kali la mchana. Chini, kwenye kivuli cha mwamba, weka yale laini yanayotambaa kama zulia. Hayo ndiyo pekee yanayotaka unyevu, na yakikauka katikati uyajaze mchanga. Na lile la zambarau kutoka milima ya kaskazini, kila mtu atakuambia usilipotezee muda wako, halitaki kiangazi cha Stockholm. Ni kweli. Limenifia mara nyingi, na masika haya nimelipanda tena.

Papa Ilunga alinipa vitoto kutoka bustani yake. Tukavitia mchangani mpaka vikashika mizizi, tukaondoa samadi yangu yote, tukavipanda. Ndipo vuli ikafika.

Siku ya ukaguzi hakukuwa na ua hata moja, maana haya hayachanui vuli. Kulikuwa na vifundo vya majani vidogo kama vifungo vya shati, vimejibana kwenye nyufa. Papa Ilunga mwenyewe alikuwa ameingiwa na hofu, akanishauri nipange maboksi ya viazi vyake juu ya mwamba mpaka siku ipite. Nikakataa. Rafiki zangu wa Hallunda walinishauri nijishushe, niseme mimi mgeni, sikujua. Nikakataa pia.

Mwenyekiti akasimama, akautazama mwamba kutoka juu hadi chini. "Här är ju bara sten," akasema. Hapa ni mawe tu. Alikuwa mtu mrefu sana, na kwa kweli kutoka kule kilikokuwa kichwa chake asingeweza kuona kitu. Wazo likanijia hapo hapo. Nikapiga magoti.

"Simama, mutoto yangu!" Papa Ilunga akapaza sauti kutoka uzioni. "Hawa watu usiwapigie magoti! Simama!"

Alidhani naomba. Mwenyekiti naye alidhani hivyo, maana alianza kuninyooshea mkono aniinue, uso wake umejaa huruma. Huruma ile ilinipandisha moto kuliko kelele za Papa Ilunga.

"Siombi kitu, Papa," nikamjibu. Kisha nikamgeukia mwenyekiti kwa Kiswidi changu cha kuungaunga: "Haya yanaonekana kutoka hapa chini. Piga magoti na wewe."

Mmoja wa kamati alicheka. Mwenyekiti hakucheka. Niliogopa, mwanangu, kwa sababu kile kiwanja kilikuwa kitu pekee katika nchi hii chenye jina langu, na nilijua naweza kukipoteza kwa sentensi ile moja. Lakini sikuirudisha. Nilibaki pale chini nikimtazama machoni, jambo ambalo mama yangu angenichapia.

Mwishowe aliushika mwamba kwa mkono mmoja akashuka, huku akiguna, mpaka suruali yake ikagusa tope langu. Nikamwonyesha ukingo wa jani, zile nukta za chokaa zilivyopangwa kama mshono. Nikamwonyesha vitoto. Akavua miwani, akasogeza uso karibu, akaanza kuuliza: hili ni lipi, na lile, na kwa nini limelala ubavu? Kila alichouliza nilikuwa na jibu. Alipotaka kuinuka alishindwa, nami nikasimama nikampa mkono. Akawageukia wenzake akawaambia kiwanja kimelimwa, twende kwingine.

Miaka mingi baadaye mtu mmoja wa kanisani, mwenye nia njema, aliniambia eti nafanana na yale maua, nimeota penye mawe nikachanua. Nilimwambia mimi si ua. Mimi ndiye niliyeyapanda.

Basi mwanangu, usifunike mawe. Wakija kukukagua, wakute unajua kila kilicho katika kila ufa na kwa nini umekiweka hapo, kwa sababu ujasiri bila kazi ungenitoa pale mapema sana. Kila mwaka ukienda Bukoba, mpigie bibi yako magoti kama nilivyokufundisha. Hiyo ni heshima, na anaistahili. Huku, piga magoti ili uone vizuri unachokitunza. Ila kwa kuomba ruhusa ya kuwa na kilicho chako, usipige magoti.

Mungu akupe magoti yasiyouma kama haya yangu, na kiwanja kisichokuchosha. Na siku mtu akikukuta umeinama kwenye mwamba akakuhurumia, usikasirike sana. Mwambie ashuke. Amina.