Treni ya Mokua Pale Suna

Migori hakuna reli. Ya karibu iko Kisumu, na mtu anaweza kuzeeka hapa Suna asisikie honi ya treni hata siku moja. Kwa hivyo mwaka wa tisini na nane, watu waliposikia ati nyumbani kwa Mokua kuna treni, walikuja kuchungulia dirishani mpaka nikawamwagia wawili maji ya vyombo. Mokua ni mume wangu. Mimi ni Bochaberi, Mama Joyline, nauza ndizi sokoni, na anayesema nina mdomo mkali hajakosea.

Kwanza mumjue huyu mtu. Mokua alifanya kazi ya reli miaka kumi na tisa. Alianza kama msaidizi kwenye injini za mvuke, akapanda mpaka akawa dereva wa dizeli. Alikuwa na maringo, sitaficha. Kofia ilipigwa brashi kila asubuhi, na chai ikichelewa dakika tano aliondoka bila kuinywa, akaniacha na kikombe mkononi kama mjinga. Ndugu yangu mdogo, Motari, alipomaliza shule, Mokua ndiye aliyemtafutia kazi, na baadaye wakapangwa injini moja. Mume wangu kiti cha dereva, ndugu yangu kiti cha msaidizi. Mama yangu alijivuna kijiji kizima mpaka majirani wakachoka naye.

Mwaka wa themanini na sita, jioni moja ya ukungu huko Bonde la Ufa, treni yao ya mizigo ilipita taa ya kituo kidogo na kugonga toroli ya wafanyakazi wa njia. Watu watatu walikufa. Kwenye uchunguzi, Motari alisema taa ilikuwa nyekundu, aliiona, akapiga kelele mara mbili, na dereva hakushika breki. Mokua alisema taa ilikuwa imezima, angejuaje ameifikia, na huyo kijana alikuwa amelala. Wote wawili walifukuzwa kazi.

Wazee walikaa kikao nyumbani kwetu Kisii. Mama aliniuliza mbele ya watu wote, "Bochaberi, kati ya hawa wawili, nani mwongo?" Nilikuwa na watoto wanne na huyo mume. Wewe ungesema nini? Nilisema, "Ni Motari." Ndugu yangu alisimama, akaacha chai yake, akaenda zake. Baadaye tulisikia yuko Sori, kando ya ziwa, anafanya biashara ya samaki.

Sisi tulihamia Suna. Kutoka Suna mpaka Sori si mbali, unaenda na kurudi siku moja na bado unapika chakula cha jioni. Miaka kumi na miwili sikwenda. Mama alipokufa tulisimama pande mbili za kaburi, mimi na Motari, na hatukusalimiana. Hivyo ndivyo nilivyoishi, na nilijiambia nina haki.

Mokua naye alikaa kitini. Kazi nyingine hakutaka. Mtu wa treni aende kupima mahindi? Alikaa kwenye veranda na kueleza kila mpita njia habari ya ile taa iliyozima. Watu walianza kupita barabara nyingine.

Basi Joyline, binti yetu aliyekuwa karani Homa Bay, alituletea kompyuta. Ofisi yao ilikuwa imepata mpya, wakagawia wafanyakazi zile kuukuu. Ndani ya begi kulikuwa na disketi saba za mchezo wa kuendesha treni. "Baba apate kitu cha kushika," aliniambia. Siku ya kwanza nilimsikia mtu akicheka sebuleni, nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa Mokua. Sauti hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa.

Lakini kicheko hakikudumu, kwa sababu treni yenyewe ilikwenda kwa kigugumizi. Inaruka, inasimama, inaruka tena, na ukibonyeza breki inafikiria kwanza. Baya zaidi, kila safari ilikatizwa. Anatembea vizuri, ghafla kila kitu kinasimama, na maneno ya Kiingereza yanatokea kwamba dereva amepita taa ya hatari. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya kumi alipiga meza. "Hii mashine inachora taa ikiwa imeshachelewa!" alisema. "Mtu atasimama namna gani kwa taa ambayo haijachorwa?" Ilikuwa na maana. Hata mimi niliona picha zinachelewa. Nikaenda kumwita Bhoke.

Bhoke ni Mkuria wa upande wa Isebania, mama wa miaka arobaini hivi, ana ofisi ya kupiga chapa karibu na stendi. Kompyuta za Suna zote zilimjua, na hazikuwa nyingi. Alikaa mbele ya ile treni kwa muda, mikono kifuani, akaniambia, "Mama Joyline, hii mashine ni wewe na jiko moja na sufuria kumi. Inachora miti, inachora mawingu, inachora nyumba na ng'ombe, halafu treni ikisogea kidogo inaanza kuchora yote upya. Tutapunguza sufuria."

Siku hiyo alitoa programu za ofisi ya kina Joyline, ambazo zilikuwa zinajiwasha zenyewe kila asubuhi na kukaa tu kula nafasi kama wageni wasioaga. Akamfundisha Mokua kuanzisha mchezo kutoka kwenye ile skrini nyeusi ya maandishi. Kigugumizi kilipungua, hakikuisha. Mokua akapita taa ya hatari tena. "Inahitaji memori," Bhoke alisema. "Nitaagiza Kisumu."

Jumatatu iliyofuata, Nyanchoka akaja. Nyanchoka ni mke wa Motari. Nilimkuta amesimama mlangoni, amekonda, viatu vina vumbi, na hakukubali kukaa.

"Mama Joyline, Motari amelazwa Homa Bay," alisema. "Hatapona. Madaktari wamesema, na yeye mwenyewe anajua. Hataki pesa yako wala uji wako. Anataka uje umwambie tu kwamba hakusema uongo. Amesema ukimwambia hivyo atalala."

Nilitazama chini. Nilimwambia nitakuja. "Lini?" akauliza, na mimi nikaanza kufuta meza, na yeye akaenda.

Mokua alikuwa amesikia yote. Hakunikataza, na afadhali angenikataza, ningepata mtu wa kugombana naye. Alisema, "Nenda. Lakini ukimwambia hivyo, umesema mimi niliua watu watatu, halafu nikamsingizia mtoto wa mama yako. Ujue hilo ukipanda gari." Kisha akapunguza sauti. "Ngoja kidogo, Mama Joyline. Bhoke akiiweka sawa hii mashine, utakaa hapa kando yangu nikuonyeshe. Utaona kwa macho yako jinsi dereva anavyoweza kuifikia taa iliyokufa asijue. Halafu uende ukiwa na ukweli."

Sitawadanganya. Nilifurahi kupewa sababu ya kungoja. Niliogopa kile kitanda cha Homa Bay kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na sasa nilikuwa na kisingizio chenye waya na skrini.

Memori haikuja wiki hiyo. Kila asubuhi nilipita kwa Bhoke kabla ya kufungua ndizi zangu. "Bado," alisema. Nilikasirika naye, lakini nikirudi nyumbani moyo ulikuwa mwepesi kidogo, na ninaona aibu kuandika hivyo. Joyline alipita hospitali na kunitumia barua fupi: mjomba anauliza. Niliificha chini ya godoro. Jumatano ya wiki ya pili ndipo memori ilipofika, vipande viwili vidogo kama chanuo lililovunjika. Jioni hiyo Bhoke alifungua mgongo wa mashine, mimi nikamshikia tochi ili aone pa kuvibana. Kabla hajamaliza stima ikapotea Suna nzima, na kazi ikalala.

Alhamisi mchana alirudi. Aliwasha, akajaribu, treni ikaenda vizuri zaidi kuliko zamani, ila kwenye kona bado ilikwama. "Basi tuondoe urembo," Bhoke alisema. Akaingia kwenye orodha ya mchezo na kuzima kitu kimoja kimoja. Miti ikaondoka. Mawingu, nyumba, ng'ombe, milima, vyote vikaondoka. Mwishowe ikabaki ardhi tupu, anga ya jioni, reli, na taa. Treni ikateleza. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba sasa hakuna kinachochelewa.

"Kaa hapa," Mokua aliniambia, akapigapiga kiti cha kushoto. Nikakaa. Bhoke alikuwa nyuma yetu anaokota skrubu zake mezani.

Mokua aliendesha. Jamani, mtu huyo alijua kazi yake. Mgongo ulinyooka, mkono ukawa mwepesi, uso ukawa wa yule kijana aliyeniacha na kikombe cha chai. Alipita taa ya kijani, akaitaja kwa sauti, "Kijani." Akapita nyingine, "Kijani." Nikaanza kuamini. Kisha mbali, mbali kabisa, katikati ya ile skrini iliyokuwa haina kitu, nikaona nukta nyekundu.

Nilingoja aitaje. Ikakua. Hakupunguza mwendo.

"Baba Joyline, nyekundu," nilisema.

"Wapi?"

"Mbele. Nyekundu."

"Hakuna taa mbele. Ngoja, inakuja."

Ilikuwa imeshakuwa kubwa kama punje ya mahindi. "Nyekundu! Shika breki! Mokua, shika!" Nilipiga kelele, nikamshika mkono, naye akanisukuma kwa kiwiko na kusema kwa hasira, "Usinipigie kelele, hakuna taa!" Na treni ikasimama, na yale maneno ya Kiingereza yakatokea.

Mokua aligeuka polepole. "Bhoke, mashine imechelewa tena?"

"Haikuchelewa, Mzee," Bhoke alisema. Alikuwa amesimama na skrubu kwenye kiganja. "Taa ilikuwepo muda mrefu. Hata mimi nimeiona kutoka hapa."

Aliomba turudie. Tukarudia. Safari hii nilichukua kidole chake na kukiweka kwenye kioo cha skrini. "Hapa?" aliuliza. "Hapo," nilisema. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Nyinyi hapa mnaona nyekundu?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Bhoke akachukua mfuko wake akatoka bila kuaga, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Ndipo Mokua akaniambia kwamba nyekundu haijui, kwake ni giza tu. Akiwa mtoto, baba yake alikuwa akimchapa kila msimu wa kahawa kwa sababu alichuma mbichi akaacha mbivu. Alichapwa mpaka akajifunza kubonyeza kila tunda kwa vidole kabla ya kulichuma, na akajifunza kunyamaza. Siku ya kupimwa macho reli, walipanga foleni mlangoni, na waliomtangulia walitaja rangi za taa kwa sauti. Alishika mpangilio kichwani, akaingia akautaja. Kila mwaka hivyo hivyo. Njia aliijua kwa moyo, mchana alitazama mikono ya mlingoti wa ishara inavyoinuka na kushuka, usiku msaidizi alitaja. Miaka kumi na tisa. Mimi niliyemtuma nyanya akaniletea mbichi mara ngapi, nikamwita mzembe, sikuwahi kujiuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hawakusema kifo chenyewe kinaweza kuwa cha watu wengine.

"Na Motari?" niliuliza. "Alikuwa amelala?"

"Alipiga kelele," alisema. "Alinishika mkono, vile umenishika. Mimi sikuona kitu, nikajua ameota. Halafu wale watu... Ningesema nini, Bochaberi? Ningesema mimi sioni?"

Nilimpiga. Sijivunii, nasema tu ilivyokuwa. Nilimpiga kifuani kwa ngumi mbili kama mtu anayegonga mlango uliofungwa, naye hakuinua mkono. Kisha nikaenda kupanga nguo kwenye begi.

Ijumaa asubuhi nilifika Homa Bay. Kitandani kwa Motari alikuwa amelala mtu mwingine, mzee anayekula machungwa. Nesi alitazama daftari lake, akaniuliza mimi ni nani kwake. Nikasema ni dada yake. Akasema pole, mama, ndugu yako alituacha juzi, Jumatano jioni. Jumatano jioni nilikuwa nimeshika tochi.

Tulimzika Kisii, kwenye shamba la baba yetu. Mokua alikuja, akakaa nyuma kabisa na kofia magotini, na hakuna aliyemsalimu. Watu walipoitwa kusema lolote kuhusu marehemu, nilisimama kabla hawajanitaja. Nilisema mbele ya wote, wazee wale wale waliobaki, kwamba ndugu yangu hakulala, taa ilikuwa nyekundu, na alipiga kelele. Nilisema mimi ndiye niliyemwita mwongo, na kwamba nilikosea miaka kumi na miwili.

Nyanchoka alikuwa ameketi kando ya jeneza, watoto wamemwegemea. Aliniangalia bila hasira yoyote.

"Sisi tulijua, Bochaberi," alisema. "Ni yeye alitaka kusikia."

Nikakaa.