Siku Niliposema Amekwenda Chini

Nilipoajiriwa kuwa mkalimani katika hospitali ndogo ya misheni nje ya mji wa Migori, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na cheti cha kidato cha nne kilichosema Kiingereza changu ni B. Kwetu Mbita, B hiyo ilitangazwa kanisani. Kwa hiyo daktari, mama Mwingereza mwenye mvi aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili, aliponiuliza kama naelewa Kiingereza vizuri, nilijibu, "Very well, Doctor," bila kupepesa jicho.

Wagonjwa Wajaluo niliongea nao Kijaluo. Wakuria waliotoka upande wa mpaka tuliongea Kiswahili, ambacho hakikuwa cha mama yao wala cha mama yangu, lakini kilitutosha. Shida haikuwa hapo. Shida ilikuwa kwamba shuleni tulikariri maneno makubwa makubwa ya Kiingereza, na daktari hakuwa na haja nayo. Yeye alitumia maneno ya darasa la tatu: go, come, put, bring. Kisha alilibandika kila moja mkia mdogo, na neno nililolijua tangu utotoni likawa geni kabisa.

Wiki ya pili alikuja mzee aliyekuwa anaumwa tumbo. Daktari akaniambia nimwulize, "Has he brought anything up?" Bring ni kuleta, up ni juu, na hospitali yetu ilikuwa juu ya kilima. Nikamwuliza mzee kama amepanda na chochote. Uso wake ukachangamka.

"Ndiyo, binti yangu. Nimeleta kuku. Nimemfunga hapo nje."

Nikamgeukia daktari. "Yes, Doctor. A hen."

Daktari akaweka kalamu mezani. Alimtazama mzee muda mrefu, akanitazama mimi, halafu akaanza kucheka hadi akavua miwani. Baadaye nesi alinieleza kwamba daktari alitaka kujua kama mzee ametapika. Nilicheka pamoja nao. Ila sikusema kwamba kulikuwa na mengine mengi nisiyoyajua. Nilianza tu kubahatisha kwa uangalifu zaidi.

Miezi mitatu baadaye, asubuhi moja, akaletwa msichana Mkuria mwenye uchungu wa kuzaa wa siku mbili. Alikuja na mama yake mzazi na mume wake, kijana mrefu aliyekuwa amemsukuma kwa baiskeli njia nzima, mkewe amekaa kwenye kiti cha nyuma. Daktari alimpima, akasema lazima apasuliwe upesi. Hilo nilitafsiri vizuri. Mama akakubali, na mume akaweka alama ya dole gumba kwenye karatasi.

Tukasubiri nje ya chumba cha upasuaji. Mama alikaa nami kwenye benchi. Mume, kwa heshima ambayo Wakuria huwapa wakwe zao, hakuweza kukaa karibu na mama mkwe. Alisimama mbali, kwenye kona ya jengo, ameshika baiskeli yake.

Mlango ukafunguka kidogo. Daktari akatoa kichwa, kitambaa kimemfunika mdomo. "Tell her mother she's gone under," akasema, kisha akafunga.

Gone, amekwenda. Under, chini.

"Mama," nikasema, "daktari anasema amekwenda chini."

Akanitazama. "Chini wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kugonga ule mlango. Najua sasa, na nilijua hata wakati ule. Lakini niliona aibu.

"Chini tu, mama."

Alivua kitambaa cha kichwa. Akateremka kwenye benchi, akakaa sakafuni, akanyoosha miguu kama mfiwa, halafu akapiga yowe ambalo mpaka leo sijasikia mfano wake. Wanawake waliokuwa wanapikia wagonjwa nyuma ya wodi walikuja mbio, na walipomwona alivyokaa, wakaanza kulia naye. Nilipiga magoti nikimwambia anyamaze, labda sivyo, lakini nani angenisikia? Nilipoinua macho kutazama kona ya jengo, mume hakuwepo. Baiskeli pia haikuwepo. Alisikia yowe tu, na yowe lilimtosha.

Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Nakumbuka nilitamani ardhi inimeze. Ghafla, katikati ya kilio, tukasikia kilio kingine, chembamba, cha hasira, kikitoka ndani ya chumba. Wanawake wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Mlango ukafunguka, nesi akatoka na mtoto aliyefungwa taulo.

"Mbona mnalia?" akauliza. "Ni msichana. Mama yake yuko salama, bado amelala kwa dawa."

Amelala. Kumbe "gone under" ni kulala kwa dawa ya upasuaji! Bibi wa mtoto alibaki sakafuni mikono imenyooshwa, na nesi akainama akampakatisha mjukuu wake palepale.

Kisha nikamkumbuka mume.

Nilimkimbilia dereva wa pikapu ya hospitali, tukashika barabara ya Isebania, ya kwenda mpakani kwao. Kila mwenye baiskeli tuliyemkaribia niliomba awe yeye. Hatukumpata njiani. Ni dereva aliyeiona baiskeli yake, ikiwa imeegemezwa nje ya duka katika kituo kidogo cha biashara. Mume alikuwa ndani, amesimama mbele ya kaunta, na muuza duka alikuwa akimpimia kitambaa cheupe kwa rula ya mbao. Kitambaa cha sanda.

"Usikate!" nikapiga kelele kutoka mlangoni. "Shemeji, mke wako yuko hai. Umepata msichana."

Hakusogea. Akanitazama kama mtu anayetazama mvua ambayo haijaamua kunyesha.

"Nani amesema?"

"Daktari."

"Daktari amesema, au ni wewe umesema daktari amesema?"

"Ni mimi niliyekosea mwanzo," nikamjibu. "Sikuelewa Kiingereza chake. Lakini mtoto nimemsikia kwa masikio yangu, na nimemwona kwa macho yangu. Ana nywele nyingi."

Akakaa juu ya gunia la sukari. Mabega yalianza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua uso, nikaona anafanya yote mawili. Alipotulia akamwambia muuza duka arudishe kile cheupe, ampimie kingine chenye maua, cha kumbebea mtoto. Tulipakia baiskeli kwenye pikapu. Njia nzima aliniuliza swali moja tu, tena mara tatu: nywele nyingi kiasi gani?

Jioni daktari aliniita ofisini. Nilikwenda nikijua nimefukuzwa. Nilimwambia yote, na nilipofika pale pa "chini tu, mama", akafunika uso kwa mikono.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa sababu nilikuambia najua."

Akanieleza kwamba mwezi wake wa kwanza alimwambia mpishi, kwa Kiswahili, kwamba Jumamosi anataka kufa. Alimaanisha kufua. Mpishi alipiga magoti jikoni akamwombea. "Kila mtu akanionea huruma wiki nzima, na sikujua ni kwa nini," akasema. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na nilipoyafuta niligundua kwamba jiwe nililolibeba kifuani tangu siku ya kwanza ya kazi halipo tena.

Kuanzia kesho yake tulianza kufundishana, saa nne wakati wa chai. Kila neno dogo nililipa ukurasa wake katika daftari. Ukurasa wa "come" ulijaa nikaongeza mwingine: kuzinduka, kushikwa na ugonjwa, kubanduka, yote ni come na mikia yake. Yeye naye aliandika ya kwake: kufa, kufua, kufaa, kufika.

Bado yalikuja nisiyoyajua. Siku moja tulikuwa na mama kutoka Magunga aliyechomwa sindano ya ganzi ili ashonwe mkono. Daktari akamwambia jambo, na ndani yake kulikuwa na "wear off". Wear ni kuvaa. Safari hii nikasema mbele ya mgonjwa, mbele ya nesi, "Hilo silijui, Doctor."

Akanieleza: ganzi itaisha yenyewe, polepole.

Nikamgeukia yule mama kumwomba radhi kwa kumchelewesha. Akanipungia mkono wake mzima.

"Uliza tu vizuri, nyathina," akasema, yaani mwanangu kwa Kijaluo. "Mkono ni wangu."