Mgeni Aliyeng'oa Hema Letu

Jumamosi, tarehe 11 Februari 2023, jua likiwa bado halijazama, mwanamume nisiyemjua alishuka kwenye pikipiki, akaenda moja kwa moja kwenye hema letu na kuanza kung'oa vigingi.

Hakutusalimu.

Mwanangu Shahdost aliokota jiwe.

"Weka jiwe chini, Shahdost," yule mtu alisema bila kugeuka. "Mshike mkeo mpande juu. Ana miezi saba, hawezi kukimbia."

Tulikuwa wageni kabisa mahali pale, na mtu huyu alijua jina la mwanangu na miezi ya ujauzito wa mkewe.

Ngoja nirudi nyuma.

Tulitoka Karachi tukimpeleka mkamwana wangu, Mahganj, kwa mama yake, mjini Pasni, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa wazazi wa mke. Alikuwa amekwisha kupoteza mimba mbili. Hii ya tatu tuliibeba sote, kila mtu kwa hofu yake.

Mimi nilitaka tulale Ormara, kwenye nyumba ya wageni yenye kitanda na mlango. Shahdost hakutaka kusikia. Alikuwa ameangalia video za barabara ile ya pwani hadi akachagua pahali pake: mto mkavu nyuma ya vilima, mchanga laini, vichaka vya kukinga upepo wa bahari.

"Mama, kitanda si unacho nyumbani?" alinitania. "Leo utalala kimalkia."

Mahganj alicheka ili kumridhisha mumewe. Nikakubali, ila moyo haukutulia.

Tulipopita Kund Malir tulisimama kunywa chai kwa mzee aitwaye Lalbakhsh. Naye, kama ilivyo ada yetu Wabaluchi, akatuomba hali. Kwetu hali si "hujambo" na "sijambo". Msafiri husimulia alikotoka, aliyoyaona njiani, aendako na atakapolala. Kisha mwenyeji naye hutoa yake.

Shahdost ni damu yetu, lakini amelelewa na jiji. Alijibu kwa mkato kwamba tunalala hotelini, Ormara.

Ulikuwa uongo.

Nilipomtazama, alininong'oneza: "Mama, usiwamwagie watu baki habari zetu. Ndivyo watu wanavyovamiwa."

Sikumlaumu. Mtaani kwetu simu hunyakuliwa mchana kweupe. Lakini nyuma ya pazia, upande wa wanawake, mke wa mzee, Bi Ganjatun, aliniomba hali na mimi. Alikuwa akimkanda Mahganj mgongo. Ulimi wangu haukuweza kumdanganya mwanamke yule. Nilimpa yote: majina yetu, miezi, mimba zilizoharibika, na mto mkavu.

Akasema kwamba hajafika msafiri yeyote kutoka milimani siku ile, lakini kama kule hakujanyesha, hakuna neno. Anga lilikuwa jeupe. Tukaagana.

Sasa mnaelewa nilichofikiri nilipomwona yule mwenye pikipiki. Nilifikiri kwamba mwanangu alisema kweli, na mdomo wangu ndio uliotuuza.

"Umetumwa na nani?" Shahdost aliuliza, jiwe bado mkononi.

"Utaniuliza tukishafika juu."

Aliyekata shauri ni Mahganj. Alinishika mkono, akauacha mkeka, akauacha na mkoba wake, akaanza kupanda ukingo polepole. Shahdost akatupa jiwe, akaja kumshika upande wa pili.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumefika juu, karibu na gari letu, mto uliponguruma.

Halikuwa limedondoka hata tone moja la mvua. Maji ya rangi ya udongo yalitokea kwenye kona yakiwa yamebeba miti mizima, yakapita juu ya mkeka wetu na birika lililokuwa motoni. Mahali alipokuwa amelala Mahganj hapakuonekana tena.

Shahdost aliketi chini.

Mahganj alikuwa ameweka mkono tumboni. Sote tulimtazama yeye.

"Anacheza," alisema.

Ndipo yule mtu alipotutolea hali yake. Jina lake Pirjan, mpwa wa Mzee Lalbakhsh. Baada ya sisi kuondoka, dereva wa lori alifika pale kwenye chai na kueleza kwamba milimani mvua ilikuwa inamwagika. Mzee akamshukuru Mungu, akasema wageni wake wako salama, wanalala Ormara.

Sauti ya mkewe ikatoka nyuma ya pazia: "Hawako Ormara. Wako mtoni. Mama yao kaniambia."

Kwa hali aliyoitoa mwanangu, hakuna mtu ambaye angekuja.

Tulirudi. Shahdost aliketi mbele ya Lalbakhsh, akainamisha kichwa.

"Mzee, naomba niitoe hali yangu upya."

"Itoe, mwanangu. Safari hii kunywa na chai."

Mjukuu wangu alizaliwa Pasni mwezi wa Aprili, akilia kwa nguvu.

Wewe unayepanga safari, chagua pazuri upendavyo, lakini kabla hujalala, acha nyuma yako mtu mmoja anayejua kweli ulipo. Na hali hii niliyokupa usikae nayo peke yako. Mfikishie mwenye safari, na umpe yote bila kupunguza.