Akamwani ya Mkalimani

Harufu ya kahawa ya kutafuna, ile tunayoiita akamwani, mpaka leo inanipandisha hasira. Wenzangu wakikaribishwa kwa akamwani ugenini, wanatafuna na kupiga soga. Mimi naikataa, na mwenye nyumba aninunie akitaka.

Juzi vijana wa hapa Kayanga walinijia na shikamoo nyingi. Jumba la zamani la sinema linataka kubomolewa, wakaniomba niwaeleze utamu wake. Mimi shule niliishia darasa la tatu, nyumba hii nimeijenga kwa kuchuuza ndizi, na maneno sijui kuyapaka mafuta. Niliyowaambia wao nawaambia na ninyi.

Utamu ulikuwepo, sikatai. Jumba lilikuwa la mwenye duka mmoja ambaye wazee wake walitoka pwani. Msimu wa kahawa aliligeuza ghala, kwa hiyo tulikaa juu ya magunia. Mashine ya picha ikianza kunguruma, vumbi likacheza ndani ya ule mwanga, mwili wote ulinisisimka. Picha za Kihindi ndizo zilizotumaliza. Sasa Karagwe hii nani alijua Kihindi? Ndiyo maana kando ya kitambaa cheupe alisimama Mkalimani, mzee wa kanzu na fimbo, akitugeuzia kila neno kwa Kinyambo. Wakilia naye alilia, wakiimba aliimba. Jambazi akizabwa kofi, Mkalimani alijishika shavu. Tulimwamini kuliko katekista.

Wakati huo dada yangu Kokubanza alikuwa anakataa kuolewa. Mposaji alikuwa mzee wa Nyakatuntu, mwenye ng'ombe wengi na wake wawili. Tata, yaani baba yetu, alimfokea, akamnyima chakula, akachoka. Halafu Jumamosi moja mchana, Tata huyo huyo aliyeiita sinema kazi ya shetani akatuambia tuvae, twende tukaione. Mlangoni nilimwona akimpa Mkalimani kifurushi cha akamwani kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba, wakanong'onezana. Nikafurahi. Nilidhani Tata naye sasa amekuwa mtu wa mjini.

Kwenye picha kulikuwa na binti aliyelazimishwa mume mzee. Akavua shada la maua shingoni, akalitupa miguuni pa baba yake.

"Furaha imemzidi," akasema Mkalimani, "hata maua hayamkai mwilini."

Binti akapiga kelele, machozi yanamtoka.

"Anasema, baba nisamehe, uliyenichagulia ndiye wangu."

Binti akafungua mlango, akaishika barabara peke yake. Huyo anakwenda kwa mumewe, Mkalimani akatuambia, na wanawake wakapiga vigelegele. Kokubanza alilia njia nzima. Kabla ya wiki kwisha akamwambia Tata kwamba atakwenda Nyakatuntu.

Akaenda. Alipigwa huko mpaka yule mzee alipokufa.

Mwaka huu mjukuu wangu akaipata picha ile ile kwenye simu, imewekewa sauti za Kiswahili. Binti nilimtambua kwa wimbo wake. Shada likaruka, na binti akasema, "Siolewi, baba. Kama unampenda sana, kaolewe naye wewe."

Nilizima simu, nikatuma bodaboda ikamlete dada yangu.

Kokubanza alitazama hadi mwisho. Nikangoja alie. Akasema tu, "Kumbe alikataa." Kisha akamgeukia mjukuu: "Baba, nirudishie pale anapotupa maua." Akarudishiwa. Akaomba tena.

Tata amekufa, Mkalimani amekufa, sina wa kumkunja kanzu. Utotoni nilidhani kile kifurushi kilikuwa heshima ya mgeni kwa mwenyeji. Kumbe dada yangu aliuzwa pale mlangoni, mbele ya macho yangu, kwa kahawa ya kutafuna.

Kwa hiyo, vijana, bomoeni au msibomoe, mabati si yangu. Ila mkitundika kibao pale, msiandike kwamba tulifurahi mkaishia hapo. Andikeni kwamba yule binti alikataa.