Binti Aliyeitwa Mami

Mzee jirani yangu wa Ngoingwa alifariki Jumanne, usingizini, na habari hiyo niliipokea kwa utulivu nisioutarajia. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo hapa Thika hadi alipostaafu. Nilikuwa nikimwazima magazeti, naye akiyarudisha yamekunjwa vizuri kuliko yalivyotoka dukani. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti yake wa kwanza alipewa jina la mama aliyemzaa mzee, ndiyo maana tangu binti akiwa mchanga mzee alimwita Mami, yaani mama. Alikuwa akimuuliza kama amempikia, huku akinikonyeza mimi, na binti, mwenye duka la vitambaa kule Kimbo, akijibu kwamba watoto wasiooga hawali.

Utani huo ndio uliotuficha ugonjwa. Mzee alipoanza kumwomba binti ruhusa ya kwenda mtoni, tulicheka. Aliposahau gesi ikiwaka, mara mbili, wanawe wa kiume walisema ni uzee tu, wakazidi kumwacha akiishi peke yake. Kisha Jumapili moja alimtazama binti usoni, bila kukonyeza mtu, akasema polepole, "Mami, baba amerudi kutoka kwa shamba la kahawa?" Akasubiri jibu. Binti hakucheka. Kesho yake alifunga duka, tukampeleka hospitali. Daktari alimpima damu, asije akawa na tatizo jingine linalotibika, akampa maneno matatu ya kukumbuka, kisha akamwambia achore saa. Fundi yule aliyeweza kufungua mtambo mzima na kuurudisha aliweka namba zote upande mmoja. Akaitazama kwa muda. "Hii ni saa ya serikali," akasema. "Inafanya kazi nusu siku."

Baada ya vipimo vingine tuliambiwa ni dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole. Mzee akamshika binti mkono. "Usiniache kwa hiyo nyumba peke yangu."

Akahamia Kimbo. Ugonjwa ulipopata jina, wanawe waliacha kubishana wakaanza kupokezana wikendi. Alipouliza kuhusu baba yake, binti alimjibu kwamba bado yuko njiani, ale kwanza, naye alikula. Aliishi hivyo miaka mitatu, mnene na mwenye furaha. Hospitali haikumrudishia kumbukumbu zake. Lakini ukiona dalili kwa mzee wako, usimalize mambo kwa kusema ni uzee. Mpeleke apimwe mapema, angali anaweza kukwambia mwenyewe anataka kuishi wapi, na nani.